Ufuo Ukodishwe, Usiuzwe: Maoni Kuhusu Nyumba za Pili Kandokando ya Ziwa Viktoria

Mzungumzaji wa Kiswahili husema "nyumba yangu", lakini atajapo asili yake husema "nyumbani kwetu". Nyumba huchukua kivumishi kimilikishi kama vile meza na kalamu zinavyokichukua. Ni mali, hununuliwa, huuzwa, hurithiwa na hata kubomolewa. Neno nyumbani, ijapokuwa limeundwa kutokana na nomino hiyohiyo kwa kuongezwa kiambishi -ni, limehama kutoka ngeli ya vitu likaingia ngeli ya mahali, na aghalabu wenye mahali hapo huwa ni sisi, si mimi. Mgeni huulizwa, "Kwenu ni wapi?" Akiulizwa, "Kwako ni wapi?" huenda akaelekeza chumba anachopanga.

Hayo anayajua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lisilozingatiwa sana ni kwamba tofauti hiyo ya kisarufi ina uzito mkubwa katika ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kuanzia Usenge na Asembo, kupitia Kisumu na Kendu Bay, hadi Mbita na visiwa vya Rusinga, Mfangano na Takawiri. Wenye uwezo wananunua huko nyumba za pili pamoja na viwanja vya kuzijenga, nao wenyeji wanauza. Msimamo wa makala haya ni kwamba anayetaka nyumba ya mapumziko ufuoni anahitaji kuitumia ardhi kwa muda, wala hahitaji kuimiliki milele. Kwa hiyo jamii za ufuoni zimkodishe ardhi hiyo, zisimuuzie.

Kwa "nyumba ya pili" tuna maana ya nyumba ambayo mwenyewe haishi humo siku zote, bali huiendea wakati wa likizo, sikukuu au uzeeni. Istilahi yenyewe haijatulia. Ukisema "nyumba ndogo", hadhira itacheka, kwani maneno hayo tayari yamekwisha kupewa kazi nyingine mtaani. Kwa hivyo tutasema nyumba ya pili au nyumba ya mapumziko, msomaji akijua kwamba tunazungumzia kuta na paa tu.

Ushindani ulivyo

Kisumu ulikuwa mji wa safari tangu reli ilipoufikia mwaka 1901, wakati ulipoitwa Port Florence. Katika miaka ya karibuni safari hizo zimerahisika. Ndege kutoka Nairobi huchukua chini ya saa moja. Treni ya abiria ilirejea mwezi wa Desemba 2021 baada ya reli ya zamani kukarabatiwa. Ugatuzi ulioanza mwaka 2013 uliifanya Kisumu kuwa makao makuu ya serikali ya kaunti, na mwezi wa Mei 2022 jiji liliwapokea wajumbe wa mkutano wa miji ya Afrika, Africities. Mtu wa Nairobi ambaye zamani alilifikiria ziwa kama safari ya usiku kucha kwa basi, sasa anaweza kuondoka Ijumaa jioni na kurejea kazini Jumatatu asubuhi.

Matokeo yake ni kwamba kila penye mwinuko unaotazama maji pana mteja. Vilima vya Riat, vilivyo juu ya barabara iendayo Busia, vimejaa nyumba za ghorofa na kuta za mawe. Dunga na Usoma, ambako wavuvi huvuta mitumbwi yao, kunatafutwa viwanja. Ng'ambo ya ghuba, Rusinga inafikika kwa daraja kutoka Mbita, na Takawiri ina mchanga mweupe ambao wengi hudhani haupatikani ila Pwani. Wanaoshindana ni wa namna nyingi: wafanyakazi wa mijini, Wakenya walio ughaibuni, vyama vya akiba na mikopo vinavyonunua ekari na kuzigawa katika vipande vya futi 50 kwa 100, pamoja na wenye kujenga nyumba za kulaza wageni. Anayekosa fedha za kutosha katika mashindano hayo ni kijana wa hapohapo anayetaka kujenga karibu na mama yake.

Yeyote aliyewahi kuongozana na dalali anaijua lugha ya soko hili. Kiwanja huwa ni cha mwisho kilichobaki; mnunuzi mwingine huwa anakuja kesho na fedha taslimu; hati huwa "iko njiani". Haraka hiyo ndiyo inayomkosesha mnunuzi nafasi ya kuuliza maswali. Je, jina lililo kwenye hati ni la muuzaji, au ni la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita? Katika ufuo wa ziwa, hati nyingi zingali na majina ya marehemu, na Sheria ya Urithi ya Kenya haimruhusu mjukuu kuuza mali ya marehemu kabla mirathi haijakamilishwa. Je, bodi ya udhibiti wa ardhi imetoa idhini? Sheria ya mwaka 1967 huitaka idhini hiyo kwa ardhi ya kilimo, na ombi lake hupaswa kupelekwa katika muda wa miezi 6 tangu mapatano. Je, mke wa muuzaji amekubali? Asipoulizwa mapema, jibu la maswali haya hupakwa kwa rangi ukutani au kwenye kibao kando ya barabara: "Shamba hili haliuzwi." Maandishi hayo, yaliyoenea Kenya nzima, ni fasihi fupi ya ugomvi wa kifamilia.

Kuna swali jingine ambalo hata mnunuzi mwangalifu hulisahau, nalo ni la ziwa lenyewe. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2. Vizazi vilivyofuata vilijenga na kulima mahali ambapo maji yalikuwa yamepumzika. Mwezi wa Mei 2020 ziwa lilifikia tena kimo cha mwaka 1964 na kukipita kidogo. Mwaka 2024 likapanda zaidi. Katika mafuriko hayo familia nyingi za Nyando, Budalang'i na fuo za Kisumu zilihama, na majengo ya kandokando ya maji yakaingiliwa. Ukiongeza gugumaji, ambalo upepo ukiligeuza laweza kuifunika ghuba ya Winam hata mtumbwi usipite, utaona kwamba anayenunua "mandhari ya ziwa" ananunua kitu ambacho muuzaji hana uwezo wa kumhakikishia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inayataja maziwa yote kuwa ardhi ya umma. Mpaka wa umma na mtu binafsi basi ni ukingo wa maji, na ukingo huo husogea.

Nyumba na dala

Huenda mtu akauliza: mbona tuwalaumu wageni, ilhali Wajaluo wenyewe ndio wenye nyumba za pili nyingi kuliko wote? Swali hili lina haki ya kujibiwa. Mfanyakazi wa Nairobi au Mombasa atokaye Siaya, Kisumu au Homa Bay hutarajiwa kuwa na nyumba kwao. Hujenga nyumba nzuri, akaitia kufuli, nayo ikakaa tupu mwaka mzima ikisubiri Desemba na mazishi. Kwa jicho la mchumi, hiyo ni nyumba ya pili. Kwa Dholuo, siyo. Nyumba ni ot. Nyumbani ni dala. Mtu huweza kuwa na ot Nairobi, Kisumu na London, lakini dala haimilikiwi kwa kulipa tu. Desturi humtaka mwanamume anayeanzisha dala atoke kwa baba yake akiwa na mwanawe wa kwanza wa kiume, jogoo na shoka, mkewe akiwa na moto, na wazee wa ukoo wakishuhudia. Nyumba ya mke wa kwanza huelekea lango, na wavulana hujenga simba zao pembeni karibu na lango hilo. Kila jengo husema uhusiano wa mtu na mwenziwe.

Tofauti hiyo ilifikishwa mahakamani na ikatikisa nchi. Wakili S. M. Otieno alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, aliacha nyumba Lang'ata, jijini Nairobi, na shamba Upper Matasia, Ngong. Mjane wake, Wambui Waiyaki Otieno, alitaka kumzika Matasia. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Hoja ya ukoo ilikuwa kwamba marehemu alikuwa na nyumba mjini, wala hakuwa na nyumbani huko, kwani hakuwahi kuanzisha dala kwa mujibu wa desturi. Mahakama Kuu na kisha Mahakama ya Rufani ziliukubalia ukoo, na mazishi yakafanyika Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, miezi 5 baada ya kifo.

Tunaitaja kesi hiyo kwa sababu mbili zinazopingana, nasi hatutaki kuificha hata moja. Kwanza, ilithibitisha mbele ya sheria jambo ambalo sarufi yetu ilikuwa ikilisema siku zote, kwamba nyumba na nyumbani ni vitu viwili. Pili, ilionyesha jinsi neno "kwetu" linavyoweza kumwacha mtu nje. Mjane aliyeishi na marehemu zaidi ya miaka 20 aliambiwa kwamba "kwetu" hiyo haikuwa yake kuiamulia. Kwa hivyo anayetetea ardhi ya ukoo leo asiitetee kama ilivyokuwa mwaka 1987. Kifungu cha 60 cha Katiba ya 2010 kimepiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zihusuzo ardhi. "Kwetu" tunayoizungumzia hapa ni ya mabinti na wajane pia.

Hata hivyo, kesi hiyo hutusaidia kuelewa kwa nini wakazi wengi wa mijini hukimbilia kununua kiwanja ufuoni badala ya kupumzikia kwenye dala zao. Dala ina majukumu. Mtu hawezi kwenda huko kulala usingizi. Hupokea wageni tangu alfajiri, huamua ugomvi, hulipa karo za watoto wa ndugu. Binti aliyeolewa hawezi kulala na mumewe katika boma la wazazi wake kama atakavyo. Nyumba ya mapumziko ni mahali pa kuepuka hayo yote, palipo na ziwa na pasipo na shemeji. Kulitamani hilo si dhambi. Lakini anayelitamani akumbuke kwamba kiwanja alichokipata kilikuwa sehemu ya dala ya watu wengine, nao hawana pengine pa kwenda kupumzika.

Funzo kutoka Lamu na Malindi

Jambo hili si geni kwa Waswahili. Waliosoma historia ya Pwani wanajua kilichotokea Shela, kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka mji wa Lamu. Lamu uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia na UNESCO mwaka 2001, na uzuri wa nyumba zake za mawe ukatangazwa kila pembe. Wazungu wengi wakanunua nyumba na magofu ya Shela wakayakarabati kwa ustadi. Majengo yaliokoka, na mafundi wa chokaa na wachonga milango wakapata kazi, hilo tusilidharau. Lakini bei zilipanda hata mtoto wa Shela akashindwa kununua nyumba katika kijiji alichozaliwa. Ujenzi ukavielekea vilima vya mchanga ambavyo ndivyo vinavyohifadhi maji ya visima vya mji wa Lamu, jambo lililozua malalamiko ya muda mrefu.

Malindi nako Waitaliano walijenga nyumba za likizo kwa miongo kadhaa. Msimu wa wageni ukiwapo mji huchangamka. Mvua zikija, au hali ya dunia ikibadilika, nyumba hufungwa na walinzi na wapishi hurudishwa makwao. Mji unaotegemea nyumba za pili huwa na njaa ya msimu.

Mafunjo ya Dunga ni kama vilima vya mchanga vya Shela. Machoni pa mnunuzi ni magugu yanayozuia mandhari. Kumbe ndiyo yanayochuja uchafu kabla haujafika ziwani, ndiyo mazalio ya samaki, na ndiyo makao ya ndege wa mafunjo ambao watalii huja kuwatazama. Aidha, ufuo wenyewe ni kiwanda. Wanawake huanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa kwenye uwazi. Mafundi huziba nyufa za mitumbwi. Wachuuzi hupima samaki. Ukuta mmoja ukishuka hadi majini, uanikaji hukatika, na watoto huzunguka mbali kuteka maji. Hakuna hati inayoandika hasara hiyo, kwa kuwa aliyekuwa akianika omena pale hakuwa na kipande cha karatasi. Wasomaji wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 2012, wanamkumbuka Mtemi Nasaba Bora, mnyakuzi wa ardhi. Ila ufuo wa leo hauhitaji Mtemi. Unaweza kutoweka kwa mauzo halali, kiwanja baada ya kiwanja, kila muuzaji akiwa na sababu nzuri.

Wala tusidhani kwamba ni sisi maskini tu tunaotatizwa na jambo hili. Mwaka 2012 wananchi wa Uswisi walipiga kura ya maoni na kuamua kwamba nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila manispaa. Mwaka 2016 wakazi wa St Ives, mji wa wavuvi nchini Uingereza, waliamua kwa kura kwamba nyumba mpya zijengwe kwa ajili ya wakazi wa kudumu tu. Ikiwa nchi tajiri kama hizo zimeona haja ya kuweka mpaka, Kenya isione haya kufikiri.

Jadak na hati yake

Tunapendekeza nini? Si marufuku. Marufuku huongeza rushwa tu. Tunapendekeza kwamba familia na koo zenye ardhi ufuoni zijizoeze kukodisha badala ya kuuza. Mkataba uwe wa muda unaojulikana, mathalani miaka 30 au 40; malipo ya mwanzo yawe ya kutosha kulipa karo au matibabu yaliyosababisha haja; kodi ya kila mwaka ifuate; njia ya kufika majini na uwazi wa kuanikia omena ubaki kwa wote; na muda ukiisha, ardhi irudi kwa wenyewe, nyumba ikifidiwa kwa namna iliyokubaliwa tangu mwanzo.

Pendekezo hili halikutoka Ulaya. Jamii ya Wajaluo ilikuwa na mtu aliyeitwa jadak. Jadak alikuwa mgeni aliyepewa ardhi ya kulima na kujenga na wenye ardhi, weg lowo. Aliitumia kwa miaka mingi, pengine yeye na wanawe, akashirikiana na wenyeji katika kazi na misiba, lakini haikuwa yake kuiuza. Utaratibu huo ulitambua kwamba mtu aweza kuhitaji ardhi pasipo kuhitaji umilele. Kasoro zake zilikuwa kubwa. Jadak alidharauliwa, neno lenyewe likawa kama tusi, na mahusiano yakiharibika aliweza kufukuzwa akiwa na mavuno shambani. Grace Ogot aliuonyesha unyonge wa mgeni katika The Promised Land, riwaya yake ya mwaka 1966. Ochola anaondoka Nyanza kwenda Tanganyika, anapata shamba kubwa na mali nyingi, lakini chuki ya jirani inamtia maradhi na kumrudisha alikotoka. Alipata shamba, hakupata majirani.

Mkataba ulioandikwa na kusajiliwa huiondoa kasoro hiyo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Usajili wa Ardhi, zote za mwaka 2012, zinatambua ukodishaji na kumlinda mpangaji. Jadak mwenye hati ya upangaji hafukuzwi kwa hasira ya mzee mmoja. Kwa upande wake, mwenye ardhi halazimiki kumwona mjukuu wake akipita kando ya ukuta na kuulizwa na mlinzi anatafuta nini. Tena Katiba yetu yenyewe, katika kifungu cha 65, imekwisha kuamua kwamba asiye raia hawezi kupewa ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Taifa limejiambia kwamba mgeni atumie, asimiliki. Ukoo wa ufuoni una sababu ileile, na ardhi yake ni ndogo zaidi.

Pingamizi

Tumeyasikia pingamizi matatu katika mijadala yetu, na kila moja linastahili jibu.

La kwanza ni kwamba hakuna benki itakayomkopesha mtu fedha za kujenga juu ya ardhi ya kukodi. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya thamani jijini Nairobi hushikiliwa kwa ukodishaji kutoka kwa serikali, nayo mabenki hukopesha juu yake kila siku. Linaloiogopesha benki ni mkataba mbovu au muda uliobaki mfupi mno. Hayo ni mambo ya kuandikwa vizuri.

La pili ni kwamba mwenye shida hawezi kusubiri kodi ya mwaka hadi mwaka. Mgonjwa yuko hospitalini leo. Pingamizi hili ni zito kuliko yote. Hatumlaumu aliyeuza kwa sababu ya maradhi. Ndiyo maana tumesema malipo ya mwanzo yawe makubwa. Yatakuwa madogo kuliko bei ya kuuza, hilo ni kweli. Lakini shida ya pili ikija, aliyekodisha atakuwa bado na kitu cha kukodisha, na aliyeuza atakuwa na simulizi ya kiwanja alichokuwa nacho.

La tatu hutolewa na watetezi wa uhuru wa mtu binafsi: mali ni ya mwenyewe, aitumie apendavyo. Nasi twakubali, kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda haki ya mali. Hatumnyimi mtu haki ya kuuza. Tunachosema ni kwamba ardhi ambayo hati yake ina jina la babu, ambayo mama analima, ambayo mabinti wana haki nayo, si mali ya kijana mmoja aliyekutana na dalali. Kumwita kila mwenye haki mezani kabla ya kutia sahihi ni kumtambua mwenye mali ni nani. Na meza hiyo ikijaa, aghalabu uamuzi wa kukodisha huonekana kuwa wa busara kuliko wa kuuza, kwa kuwa kila mmoja anaona atakachobaki nacho.

Wajibu wa wanakiswahili

Msomaji wa jarida hili aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya mawakili na wapimaji ardhi. Hatukubaliani. Mapatano mengi ya ardhi huandikwa kwa Kiingereza na kusomewa watu wasiokielewa, kisha kidole gumba hutiwa wino. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi ambayo mjane wa Uyoma hawezi kuisoma kwenye karatasi inayoondoa shamba lake ni rasmi kwa jina tu.

Tena istilahi zetu zenyewe zina mitego. "Kodi" ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na pia ni tozo ya serikali. Ukimwambia mzee kwamba mgeni "atalipa kodi", hajui kama fedha zitaingia mfukoni mwake au katika ofisi ya kaunti. Watu husema "nimechukua ploti Riat", na kitenzi hicho hakielezi kama amenunua au amekodi. "Mkodishaji" kwa mmoja ni mwenye mali, kwa mwingine ni anayeitumia. Katika darasa la isimu, utata kama huo ni mfano mzuri wa mtihani. Katika mkataba wa miaka 30, ni mwanya wa kupotezea ardhi.

Basi chama chetu kina kazi ambayo hakuna mwingine aliye tayari kuifanya. Kiwatafute wanafunzi wa sheria walio tayari kushirikiana nacho, kiandae mfano wa mkataba wa kukodisha ardhi kwa Kiswahili chepesi na sahihi, wenzetu wajuao Dholuo wautafsiri, kisha upelekwe kwa vikundi vya usimamizi wa fuo, kwa machifu na kwa makanisa kuanzia Dunga hadi Mbita. Mkataba huo utamke waziwazi nani ni mwenye ardhi, nani ni mpangaji, mwaka gani ardhi itarudi, na njia ya kwenda majini ipite wapi. Mapumziko ya Desemba yanatosha kuandaa rasimu ya kwanza.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwenye nyumba ya pili ana ngama yake kwingine, na huirejea likizo ikiisha. Mtoto wa ufuoni akiuza, hana tezi wala omo ya kuendea. Ngama ndiyo hiyo aliyoitoa. Mgeni akaribishwe, ajenge, alitazame ziwa linapochwewa na jua, alipe kwa wakati, afike msibani kama jirani. Nyumba iwe yake kwa muda wake wote wa mkataba. Ufuo uendelee kuwa kwetu.